Ini la Mwenye Njaa na Ini la Mwenye Shibe

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Maneno hayo ni ya kweli katika mambo mengi ya ulimwengu huu, lakini kimo kiungo kimoja katika mwili wa binadamu ambacho huwajua wote wawili. Kiungo hicho ni ini. Ini la mtoto aliyekosa chakula cha kumfaa huweza kujaa mafuta, na ini la mtu mzima aliyekula kupita kiasi huweza kujaa mafuta vilevile. Lau ungeyaweka maini hayo mawili mbele ya mtu asiyejua yalikotoka, naye akaona jinsi yote mawili yalivyogeuka rangi na kuwa ya manjano, asingeweza kwa rangi hiyo peke yake kukwambia lipi ni la njaa na lipi ni la shibe. Nataka basi, msomaji, tufuatane katika historia ya jambo hili, tukianzia hapa Eldoret, maana historia ya chakula cha nchi hii imeandikwa katika vitabu, na imeandikwa pia katika miili ya watu wake.

Ukifika Eldoret wakati wa mavuno, baina ya mwezi wa Oktoba na mwezi wa Desemba, utaona malori na matrekta yamejipanga nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka yakingoja kushusha mahindi. Ini lafanana sana na ghala hilo. Chakula kikisha kusagwa tumboni na matumboni, sehemu kubwa ya virutubisho vyake huchukuliwa na damu na kupelekwa kwanza katika ini. Humo hupangwa na kugawanywa. Sukari nyingine huwekwa akiba, nyingine hupelekwa mwilini, na ile inayozidi hugeuzwa kuwa mafuta. Mafuta hayawezi kusafiri peke yake katika damu, kwa kuwa damu ni majimaji, na mafuta na maji havichanganyiki. Kwa hiyo ini huyafunga mafuta hayo pamoja na protini, kama mahindi yatiwavyo katika magunia, ndipo yaweze kusafirishwa kwenda sehemu nyingine za mwili.

Sasa fikiri, msomaji. Ghala laweza kufurika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukosekana kwa magunia: mahindi yaingia kidogo kidogo, lakini hakuna cha kuyatolea, basi yajikusanya mpaka ghala lajaa. Njia ya pili ni mavuno kuingia kwa wingi mno, hata magunia yote yaliyopo yasitoshe. Mtu apitaye nje ataona jambo moja tu, yaani ghala lililojaa. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na mafuta yakizidi sehemu 5 katika kila 100 za ini hilo, madaktari husema kwamba ini limeingia mafuta. Lakini ili kujua kwa nini limeingia mafuta, haitoshi kulitazama ini. Sharti tujue mwenye ini alikula nini, na kwa nini alikula hicho wala si kingine. Hapo ndipo udaktari unapoikuta historia.

Zamani, kabla ya mji huu kuwako, uwanda wa juu wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya ng'ombe. Jina lake lilitokana na Wamaasai wa ukoo wa Uasin Gishu walioishi hapa, na baada yao Wanandi na Wakeiyo walichunga mifugo yao katika nyasi hizo. Chakula cha wenyeji kilikuwa maziwa, hasa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalumu. Walikula pia wimbi na mtama, mboga za majani kama managu na sagaa, na nyama mara kwa mara. Nisikudanganye, msomaji, kwamba enzi hizo zilikuwa za raha tupu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki, na ukame na ndui vilifuata njia hiyohiyo. Watu walikufa njaa. Lakini mwaka ulipokuwa mwema, chakula kilikuwa cha aina nyingi, na maziwa hayakukosekana katika kikombe cha mtoto.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mnamo tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza alipokwenda kufanya mashauri ya amani, na baada ya hapo watu wake walisukumwa katika eneo walilotengewa. Mwaka wa 1908 kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha likapanda kwa magari ya maksai mpaka uwanda huu. Mwaka wa 1910 posta ilijengwa katika shamba namba 64, na kwa sababu hiyo mji uliitwa Sisibo, jina ambalo hata leo baadhi ya wazee hulitumia. Mwaka wa 1912 ukapewa jina la Eldoret. Reli ilipofika mwaka wa 1924, nafaka ya uwanda huu ilipata njia ya kwenda sokoni, na mahindi yakawa mfalme wa shamba.

Mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni Mexico, na yaliletwa katika pwani za bara letu baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Watu wa pwani, wakidhani kwamba nafaka hiyo ngeni imetoka Bara Hindi, waliiita mahindi, na jina likabaki. Nafaka hii ina fadhila nyingi, maana hutoa mazao mengi, na maganda yake huilinda na ndege. Lakini ina upungufu pia. Protini iliyo katika mahindi ni kidogo, tena si kamili, na vitamini moja iliyomo haitoki kwa urahisi isipokuwa yatayarishwe kwa namna maalumu. Wenyeji wa Mexico waliyachemsha mahindi yao katika maji ya chokaa na kuyala pamoja na maharagwe. Mbegu ilipovuka bahari, maarifa hayo hayakuvuka nayo. Mwaka wa 1735 Gaspar Casal, daktari wa huko Uhispania, alieleza ugonjwa wa ngozi ulioshika maskini waliokula mahindi karibu peke yake. Ugonjwa huo baadaye uliitwa pellagra, nao utarudi tena katika habari hii.

Katika mashamba ya walowezi wa Kenya, mfanyakazi alipewa sehemu ya ujira wake kwa chakula, na chakula hicho kwa kawaida kilikuwa unga wa mahindi, ratli mbili kwa siku. Tafakari neno posho. Maana yake ya asili katika Kiswahili ni fungu la chakula apewalo mtumishi au askari. Lakini katika sehemu nyingi za Kenya na Uganda neno hilo limekuwa jina la unga wa mahindi wenyewe, au la ugali wake. Neno hilo limebeba historia nzima: watu waliokuwa wakila maziwa, wimbi, mtama na mboga walijikuta wakila kile walichopimiwa.

Tena kulikuwa na jambo la mifugo. Familia nyingi za Kiafrika ziliishi katika mashamba ya walowezi, zikifanya kazi na kuruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga wanyama wao. Watu hao waliitwa maskwota. Sheria iliyotungwa mwaka wa 1937, na kuanza kutumika mwaka wa 1940, iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mashamba na mifugo ya watu hao. Ng'ombe walipopunguzwa, maziwa nayo yalipunguka. Hakuna sheria iliyosema kwamba watoto wasinywe maziwa. Hata hivyo ng'ombe akiisha kuondolewa, mtoto hana cha kunywa.

Nyanya yangu aliishi katika shamba la namna hiyo. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache nyanya aliposhika mimba ya pili. Kwa desturi, mtoto aliachishwa ziwa, akapewa uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Baada ya miezi kadhaa nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu, kama ndevu za hindi linalokauka. Miguu yake ikavimba, na mashavu yakajaa. Majirani walimsifu nyanya kwamba mtoto amenenepa. Lakini mtoto hakucheza tena. Alikaa alipowekwa, akilia kwa sauti ndogo, na ngozi ya mapaja yake ikaanza kubambuka. Alifariki kabla ya mdogo wake kuzaliwa. Nyanya aliponisimulia habari hii alikuwa mzee sana, na bado alikuwa akikatwa maini na maneno ya majirani wale waliosema kwamba mtoto amenenepa.

Ugonjwa ule ulikuwa na jina, ila jina hilo lilitoka mbali na hapa. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica mwaka wa 1893, alifika Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka wa 1929. Huko aliona watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizopoteza weusi. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Watoto waliofariki walipochunguzwa, maini yao yalionekana kuwa makubwa, yenye rangi ya manjano, yaliyojaa mafuta. Hilo lilikuwa ajabu kubwa: mafuta yalitoka wapi katika mtoto ambaye hakula mafuta wala hakushiba? Mwaka wa 1933 Williams aliandika juu ya ugonjwa huo, akiuhusisha na chakula cha mahindi, na mwaka wa 1935 aliutangaza kwa jina ambalo akina mama wa kabila la Waga walikuwa wakilitumia tangu zamani, nalo ni kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wa kwanza anapokuja mtoto wa pili.

Zingatia hapo, msomaji. Akina mama wasiojua kusoma walikuwa wameuona mwanzo wa ugonjwa kabla ya wataalamu. Na huku kwetu pia, watu wa pwani walikuwa na neno kubemenda, walilolitumia kwa mtoto aliyedhoofika wazazi wake walipokaribiana au mama aliposhika mimba kabla ya mtoto kuacha kunyonya. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, lakini macho yao yalikuwa yameona kweli. Kama angetokea mtu wa kuwasikiliza kwa makini, na kuuliza mtoto huyo alipewa nini baada ya maziwa ya mama, huenda miaka mingi ingaliokolewa.

Wataalamu wenyewe walipotea njia kwa muda. Wako waliosema kwamba ugonjwa huo ni pellagra tu, ule ugonjwa wa Casal. Miongoni mwao alikuwa Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka wa 1935. Trowell aliwaona watoto hao kwa miaka mingi, na kwa miaka kadhaa aliuita ugonjwa wao pellagra ya watoto wachanga. Lakini alikuwa mtu wa kukubali kurekebishwa na yale aliyoyaona. Mwaka wa 1948 John Waterlow alichapisha uchunguzi wake juu ya maini yenye mafuta ya watoto wa visiwa vya Karibi. Katika Jamaica baadhi ya watoto hao waliitwa watoto wa sukari, kwa sababu walilishwa zaidi wanga na sukari. Mwaka wa 1952 wataalamu Brock na Autret, waliozunguka Afrika kwa niaba ya mashirika ya afya na ya chakula ya Umoja wa Mataifa, walitoa taarifa iliyoonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyoenea. Na mwaka wa 1954 Trowell, pamoja na wenzake wa Mulago, Davies na Dean, alitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor.

Maelezo waliyofikia ni yale ya magunia. Mtoto alipata wanga, na ini lake likageuza sehemu ya wanga huo kuwa mafuta. Lakini alikosa protini za kutosha, basi ini halikuwa na cha kuyafungia mafuta hayo ili yatoke. Yakabaki ndani, ghala likajaa ilhali nyumba ina njaa. Dawa iliyoleta nafuu kubwa ilikuwa maziwa. Sharti niongeze kwamba mjadala haukuishia hapo. Mwaka wa 1974 Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba dunia imeishikilia protini kupita kiasi na kusahau kwamba watoto wengi wanakosa chakula chote kwa jumla. Leo wataalamu hutaja pia maambukizo, viini vya tumboni na upungufu wa virutubisho vingine. Katika hospitali mtoto wa kwashiorkor huanzishiwa maziwa mepesi yenye protini kidogo, kwa kuwa ini lililochoka haliwezi kubebeshwa mzigo mzito siku ya kwanza. Lakini jambo la msingi halikubadilika: tumbo kujaa si sawa na mwili kulishwa.

Tazama tena sufuria ya githeri. Protini ya mahindi ina upungufu katika sehemu zake fulani, na maharagwe yana wingi wa sehemu hizohizo. Vikipikwa pamoja, kimoja humkamilisha mwenzake. Mama apikaye githeri anafanya kazi ambayo maabara za Ulaya zilihitaji miaka mingi kuieleza.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, njaa ilikuwa adui aliyetajwa na kila mtu. Mwaka uliofuata, kituo cha utafiti cha Kitale, kaskazini ya Eldoret, kilitoa mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611, iliyotokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine ya asili ya Ecuador. Mavuno yaliongezeka sana. Viwanda vya sukari navyo viliongezeka magharibi ya nchi. Cha Miwani kilikuwapo tangu 1922, kikafuatwa na Muhoroni mwaka wa 1966, Chemelil mwaka wa 1968, na Mumias mwaka wa 1973. Mwaka wa 1979 serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyojulikana kwa jina la Maziwa ya Nyayo. Hayo yote yalikuwa mambo mema, na asiyeyashukuru hajui njaa. Mji nao ulikua, ukapata viwanda, chuo kikuu na hospitali kubwa, mpaka tarehe 15 Agosti 2024 ukapandishwa cheo na kuwa jiji.

Lakini pamoja na neema ilikuja hatari ambayo wazee wetu hawakuizoea. Mjomba wangu ni kitindamimba wa nyanya yule niliyekutajia. Ni dereva wa lori, amesafirisha mahindi na saruji tangu ujana wake. Siku moja alikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu na uzito upande wa kulia wa tumbo. Alipigwa picha ya mawimbi ya sauti, akaambiwa kwamba ini lake limejaa mafuta. Alikasirika. Alisema, "Daktari, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe!" Alidhani ametukanwa, kwa kuwa alijua kwamba ini huharibiwa na ulevi. Daktari hakumbishia juu ya pombe. Alimwuliza tu anakula nini barabarani. Mjomba akahesabu: chai ya vijiko vinne vya sukari asubuhi, chipsi mchana, soda mbili au tatu ili asisinzie, na sahani kubwa ya ugali saa nne za usiku kabla ya kulala. Kutwa nzima alikuwa ameketi.

Mshangao wa mjomba uliwahi kuwapata wataalamu pia. Kwa miaka mingi waliamini kwamba mtu mzima mwenye ini la mafuta lililoanza kuharibika lazima awe mlevi, na aliyekana hakuaminiwa. Mwaka wa 1980 Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi, hali wao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi yao walikuwa na kisukari. Tangu hapo elimu imeongezeka, na mwaka wa 2023 wataalamu wa nchi nyingi waliupa ugonjwa huo jina jipya linaloonyesha kwamba chanzo chake ni kuvurugika kwa namna mwili unavyotumia chakula. Makadirio ya sasa ni kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila wanne duniani anao.

Hii ndiyo njia ya pili ya ghala kufurika. Magunia yapo, lakini mavuno hayana mwisho. Sukari ya kawaida ina sehemu mbili, na mojawapo, ile iitwayo fruktosi, hushughulikiwa zaidi na ini, ambalo huigeuza kuwa mafuta kwa urahisi. Chupa ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba ni vema mtu mzima asizidishe gramu 25 kwa siku nzima. Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Ini halilii mapema. Mtu aweza kukaa nao miaka mingi bila maumivu, mpaka ini lipate makovu, lisinyae na kuwa gumu, na wengine hupatwa na saratani. Wala usidhani kwamba wanene peke yao ndio hushikwa, maana hata mwembamba aweza kuwa nao. Pombe nayo haijaacha kuua maini. Kwa mtu mwenye mafuta mengi katika ini, ni kuongeza moto juu ya moto.

Sasa turudi kwa Trowell. Daktari huyu, aliyetumia ujana wake kuwatazama watoto waliovimba kwa kukosa, aliishi mpaka akaona upande wa pili. Katika miaka yake mingi ya Kenya na Uganda aliona kwamba magonjwa kama shinikizo la damu na ya mishipa ya moyo yalikuwa haba sana miongoni mwa Waafrika, na mwaka wa 1960 aliandika kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika. Mwaka wa 1981, akishirikiana na Denis Burkitt, aliyewahi pia kuwa daktari Mulago, alihariri kitabu kilichoonyesha jinsi magonjwa hayo yanavyofuata chakula cha kukobolewa, sukari na maisha ya kuketi, popote vinapoingia. Basi mtu yule yule aliona kurasa zote mbili za kitabu kimoja.

Huenda utaniuliza, msomaji, mbona wakimbiaji wa hapa petu hunywa chai yenye sukari nyingi na kula ugali mwingi, nao ni wembamba na wenye nguvu? Swali lako ni zuri. Mwaka wa 2004 wachunguzi walichapisha habari za chakula cha wakimbiaji hodari waliokuwa kambini karibu na Eldoret. Waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na vyakula vya wanga, ikiwamo sukari ya chai. Lakini wakimbiaji hao hukimbia kilomita nyingi kila siku, asubuhi na jioni. Ghala lao hupokea shehena kubwa na kuitoa yote. Dereva aliyeketi saa kumi na mbili hawezi kula kama mkimbiaji na kutarajia mwili wa mkimbiaji. Chakula hakihukumiwi peke yake. Huhukumiwa pamoja na kazi ya anayekila.

Mpaka mwaka wa 2024 hapakuwa na dawa hata moja iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, na iliyoidhinishwa mwaka huo haiwafai wagonjwa wote. Tiba kubwa ni ileile ya zamani, yaani chakula na mwendo. Mtu mnene akipunguza uzito wake kwa sehemu 5 katika 100, mafuta ya ini huanza kupungua, na akipunguza sehemu 7 hadi 10, hata uvimbe wa ndani ya ini huweza kutulia. Mjomba aliacha soda, akapunguza sukari ya chai mpaka kijiko kimoja, akarudia managu, maharagwe na mursik isiyotiwa sukari, na kila anaposimamisha lori huzunguka kwa miguu nusu saa. Baada ya mwaka, picha ilionyesha kwamba mafuta yamepungua.

Usidhani, hata hivyo, kwamba njaa imeondoka na shibe imeshika zamu yake. Zote mbili zipo pamoja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Huenda mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi wakaishi chini ya paa moja na kula katika sufuria moja, kwa kuwa chakula kilicho rahisi kununua hujaza tumbo la mmoja bila kumjenga, na kumnenepesha mwingine bila kumlinda.

Hiyo ndiyo sababu nimekuandikia habari hii kama historia. Mtoto wa kwanza wa nyanya yangu na kitindamimba wake walitoka katika tumbo moja. Mmoja alifariki, na ini lake, kama lingalitazamwa, lingalionekana limejaa mafuta kwa kukosa. Mwingine ini lake lilijaa mafuta kwa kuzidi. Kati yao ilipita miaka isiyofika ishirini, na mabadiliko makubwa ya nchi. Wote wawili walikula kile ambacho zama zao ziliwawekea mezani. Tofauti ni kwamba yule mtoto hakuwa na uwezo wa kuchagua, na mjomba alikuwa nao, alipoisha kujua.

Nawe, msomaji, sasa umejua. Utakaporudi nyumbani likizo hii, waulize wazee wako walikula nini walipokuwa watoto, nani aliyepanga chakula hicho, na kiliacha lini kuliwa. Kisha itazame sahani yako, na itazame ya mdogo wako aliyeachishwa ziwa juzi. Ikiwa kuna yai moja na soda moja, yai na liwe la mtoto, na soda ibaki dukani.